UZI MAALUMU: Tunaofuatilia monaki wa magharibi tukutane hapa, tuma ulichoona, na kama hujaona kitu tuma pia

Mlinzi wa Mikaratusi

Wakuu habari za humu. Kila msimu naona tunatawanyika tu, huyu kaweka picha kule, yule anauliza "hivi mwaka huu wamekuja kweli?", watu wanaguna wawili watatu alafu mada inakufa. Nikaona bora tuwe na uzi mmoja wa kudumu.

Kwa mgeni: tunamzungumzia kipepeo monaki, Danaus plexippus, yule mkubwa wa rangi ya chungwa, mishipa myeusi iliyokolea, pembeni mwa mbawa ana weusi wenye vidoti vyeupe. Marekani kuna makundi mawili. La mashariki ya Milima ya Rocky ndo lenye jina, linashuka mpaka Michoacán kule Mexico kulala kwenye miti ya oyamel, juu huko karibu mita 3,000, na ukiona video ya miti imefunikwa vipepeo jua ni hao. Sisi humu tunahangaika na la magharibi. Hawa wanazaliana Washington, Oregon, Idaho, Nevada, Utah, na California yenyewe, kisha vuli wanashuka pwani ya California kupitisha baridi kwenye mikaratusi, misonobari na misaipresi, kuanzia Mendocino mpaka kaskazini ya Baja kule Mexico. Wanaanza kufika Septemba na Oktoba, Februari na Machi wanatawanyika.

Sasa namba. Miaka ya 1980 inakadiriwa walikuwa mamilioni. Hesabu rasmi ya kujitolea ilipoanza 1997 walipatikana zaidi ya milioni moja. 2018 hawakufika elfu 30. 2020 hawakufika elfu 2, pwani nzima, soma tena, pwani nzima. 2021 wakarudi 247,237. 2022 wakapanda 335,479, 2023 wakawa 233,394, watu tukaanza kupumua, 2024 ikaja 9,119. Desemba ya mwaka huohuo shirika la serikali ya Marekani la samaki na wanyamapori likapendekeza monaki aingizwe kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.

Ndo maana nina ugomvi mmoja na ninyi wadau. Mnatuma mkiona tu. Mtu kapita kijimsitu ambacho miaka yote wanalala, kakuta patupu, anarudi nyumbani kimya. Hiyo ni data umeitupa barabarani. Kwa kiumbe aliyeadimika kiasi hiki, "nimeenda, nimetafuta vizuri, sijakuta" ina uzito sawa na picha yako ya vishada (vipepeo waliogandana kwa wingi kwenye tawi), na wakati mwingine inazidi, maana picha za vishada zinatumwa na watu mia sehemu ileile moja maarufu, na huko kwingine hakuna aliyesema lolote kwaiyo hatujui kama hakuna vipepeo au hakuna watu.

---

Jongoo Mwenda Pole

Siti ya mbele kabisa. Swali la kijinga mkuu, mnahesabuje kitu kinachoruka? Mi kuku wangu tu nikiwahesabu jioni kila mara napata jibu jipya.

---

Mlinzi wa Mikaratusi

😂 Sio swali la kijinga, ndo swali lenyewe.

Siri ni baridi. Monaki hawezi kuruka mpaka joto lifike kama nyuzi 13 za Selsiasi hivi, chini ya hapo anaweza kutetemesha misuli kujipasha ila kuondoka hapana. Kwaiyo wahesabuji wanaingia alfajiri wakati wamegandana kwenye matawi. Shida ni kwamba wakifunga mbawa upande wa chini umepauka, kishada kizima kinaonekana kama majani makavu yaliyoning'inia, mgeni anapita chini yao anasema leo hakuna kitu. Unahitaji darubini ya mkono, na unahitaji mtu wa pili. Unachukua kipande kidogo cha kishada, unahesabu mmoja mmoja, alafu unakadiria kipande hicho kinaingia mara ngapi kwenye kishada chote. Wawili mnahesabu kila mtu kivyake ndo mnalinganisha. Mkipishana sana mnarudia. Jua likishachomoza na wakaanza kufungua mbawa, kazi imekwisha siku hiyo, usijidanganye.

Hesabu kubwa inafanyika wiki tatu kuzunguka Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya mwishoni mwa Novemba, na nyingine baada ya Mwaka Mpya. Xerces Society, shirika la kuhifadhi wadudu, ndo wanaratibu, ila wanaoingia msituni ni watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Na fomu yao ina nafasi ya kuandika sifuri, ndo napenda hapo.

---

Kadinali77

Ngoja kwanza. Kutoka chini ya elfu 2 mpaka laki mbili na nusu ndani ya MWAKA MMOJA? Alafu laki mbili na ushee mpaka elfu tisa mwaka mmoja tena? Hii hesabu mmepika nyie. Hakuna mnyama anaenda hivyo.

---

bibi_asali

Mwanangu Kadinali, tembo haendi hivyo. Mdudu anaenda hivyo. Jike mmoja anataga mayai mia kadhaa, na kati ya masika na vuli kunapita vizazi kadhaa, sio kimoja. Hawa wa kiangazi wanaishi wiki mbili mpaka sita tu, ni kizazi cha mwisho cha vuli ndo kinaahirisha kuzaa na kuishi miezi sita mpaka tisa ili kivuke baridi. Kwaiyo mwaka mzuri, mvua ya masika imenyesha kwa wakati, majani yapo, wanaongezeka kwa kuzidishana. Mwaka wa joto kali na ukame kule bara wanaanguka vilevile.

Na 2020 kulikuwa na mabishano mengine ambayo sio ya kupuuza. Yupo David James wa Washington State University, huyu kafuatilia monaki wa magharibi miaka mingi, alisema wengine walikuwa hawajafa ila walikuwa wanazaliana msimu wa baridi kwenye bustani za watu maeneo ya San Francisco na Los Angeles badala ya kulala vijimsituni, kwaiyo anayehesabu vishada hawaoni. Wenzake hawakukubali kwamba hiyo inatosha kueleza shimo lote lile. Ila unaona ubishi wenyewe ulikuwa juu ya nini? Juu ya vipepeo waliokuwa sehemu ambazo hakuna aliyekuwa anaangalia kwa mpangilio. Mleta uzi anachosema ndo hicho.

---

Kadinali77

Sawa bibi nimekusoma. Ila bado elfu tisa inaniuma.

---

Mlinzi wa Mikaratusi

Inatuuma wote. Na nimalizie hoja yangu hapa kwa mfano. Pacific Grove, mji ambao umejipa jina la mji wa vipepeo, una sheria tangu 1939 kwamba ukimsumbua monaki unapigwa faini, siku hizi inafika dola 1,000. Hesabu ya 2020 pale hifadhini kwao: sifuri. Hakuna hata mmoja. Mwaka uliofuata wakapita elfu kumi. Sasa fikiria kama 2020 wahesabuji wangesema "ah hakuna kitu, hamna haja ya kujaza fomu". Leo tungekuwa na pengo na kila mtu angejaza pengo kwa hadithi yake.

Sifuri ina masharti lakini. Andika tarehe, saa, umekaa muda gani, umeangalia miti ipi, hali ya hewa ilikuwaje. Sifuri ya mtu aliyepita na gari hatuitaki.

---

Nyuki Dume

Vipi kuhusu masika? Mi nipo Central Valley, bonde la ndani ya California, sijawahi kulala karibu na bahari kwaiyo vishada kwangu ni stori tu. Ila mwezi wa tatu huwa naona mmoja mmoja wanakatiza. Hiyo ina maana yoyote au nijinyamazie?

---

Mlinzi wa Mikaratusi

Usinyamaze kabisaaa! Wewe ndo unatafutwa kuliko mimi.

Wakishaondoka pwani kunakuwa na kama giza. Tunajua wamelala wapi Januari, tunajua wanaonekana wapi Julai, katikati hapo taarifa ni chache mno. Na hapo ndo mwaka wote unaamuliwa, maana jike aliyechoka na baridi anatafuta Asclepias za kwanza kuota, yale majani yenye utomvu mweupe, hakuna mmea mwingine kiwavi wake anakula. Akikosa majani kwenye kile kipande cha kwanza cha safari hakuna kizazi cha pili. Kwa sababu hiyo Washington State University na wenzao walianzisha kampeni mwaka 2020, kila mwaka kuanzia Februari 14 mpaka Aprili 22, wanaomba picha ya monaki YEYOTE aliyeonekana magharibi kipindi hicho nje ya vijimsitu vya kulala. Picha hata mbovu. Mmoja anayekatiza shamba lako mwezi wa tatu ana thamani kuliko elfu moja waliolala pale kila mtu anapokwenda na kamera.

Unatuma kupitia iNaturalist, ile tovuti ya kuripoti viumbe kwa picha, au ile ramani ya Western Monarch Milkweed Mapper iliyoanza 2017, ambayo inapokea na taarifa za majani yenyewe. Ukiona majani ya utomvu yanaota bila kipepeo tuma pia, tena piga picha chini ya majani, mayai yanatagwa huko zaidi, moja moja, meupe ya maziwa, madogo kama kichwa cha pini.

Kitu kimoja kinanikera kwenye iNaturalist: mtu anaacha lokesheni na duara la makadirio la kilomita 30. Hapo umetuambia monaki yupo California. Asante, tulijua. Kaza duara, kama ni nyumbani kwako na hutaki watu wajue basi ficha lokesheni hadharani, ila weka sahihi ndani. Na andika alikuwa anafanya nini: ananyonya ua gani, anataga, wanapandana, au anapita tu na anaelekea upande gani.

---

Tumbili Mtulivu

Mbona mnahangaika na kiumbe ambaye huku kwetu Afrika Mashariki amejaa kila kichaka 😂 njooni mchukue

---

bibi_asali

Huyo wa kwetu ni ndugu yake mwanangu, Danaus chrysippus, mdogo kidogo, hana ile mishipa mizito myeusi juu ya mbawa. Naye kiwavi wake anakula mimea ya utomvu na naye ana sumu ndo maana ndege wanamkimbia. Na hata huko kuwa makini, jike wa Hypolimnas misippus kamuiga mpaka mabaka. Nusu ya hao "waliojaa kila kichaka" nenda kawaangalie vizuri.

---

Nyuki Dume

Swali la mwisho kabla sijaanza kazi. Kwanini tusiwafuge? Nachukua mayai, nalea viwavi ndani kwenye neti wasiliwe, nawaachia wakiwa wakubwa. Idadi inapanda, kila mtu anafurahi.

---

bibi_asali

Hapana. Naomba hii ipinwe juu ya uzi.

Kwanza California bila kibali huruhusiwi kumkamata wala kumfuga monaki, idara ya wanyamapori ya jimbo imeshasema wazi. Pili kuna kimelea kinaitwa Ophryocystis elektroscirrha, watu wanakiita OE. Kipepeo aliyeambukizwa anamwaga vijidudu kwenye majani na kwenye mayai yake, kiwavi anakula navyo, anatoka na mbawa zilizokunjamana au anatoka mzima ila dhaifu hafiki safari. Ukiwarundika kwenye neti moja umewasaidia kuambukizana. Hilohilo ndo tatizo la ile Asclepias curassavica yenye maua mekundu na manjano inayouzwa sana: huko pwani ambako baridi sio kali haifi, inabaki na majani mwaka mzima, OE inajikusanya juu yake na vipepeo wanashawishika kuzaa wakati walipaswa kulala. Panda za asili ya eneo lako, na kama upo ndani ya maili tano za sehemu wanapolala usipande majani ya utomvu kabisa, panda maua yanayochanua vuli na baridi wapate cha kunyonya.

Na tatu, hii inahusu uzi huu moja kwa moja, ukiachia vipepeo hamsini kwenye harusi kesho yake mtu wa jirani anaripoti hamsini kwa furaha na ramani yetu imeharibika. Hakuna njia ya kumtofautisha kwenye picha.

Ukitaka kuwasaidia acha dawa ya wadudu. Januari 2024 mamia walikutwa wamekufa au wanakata roho karibu na hifadhi ya Pacific Grove, wakapimwa baadhi, kwa wastani kila mmoja alikuwa na aina saba za viuatilifu mwilini. Hao vipepeo nani aliwagundua? Watu waliokwenda kuhesabu.

---

Jongoo Mwenda Pole

Duh. Nimekaa vizuri sasa. Wale wanaobandikwa stika kwenye mbawa nao wakoje, stika haiwazuii kuruka?

---

Mlinzi wa Mikaratusi

Monaki ana uzito wa kama nusu gramu, stika ni kiduchu, inakaa upande wa chini wa ubawa wa nyuma karibu na kiwiliwili, hapo haivurugi mruko. Ina herufi na namba na jinsi ya kuripoti.

Stori yake tamu. Fred na Norah Urquhart wa Kanada walihangaika miongo kutafuta monaki wa mashariki wanakwenda wapi, wakaomba wananchi wawasaidie kubandika stika. Januari 1975 Ken Brugger na Catalina Aguado, waliokuwa wanatafuta kwa niaba yao, wakafika kwenye vishada kule milimani Mexico. Mwaka uliofuata Urquhart mwenyewe kapanda, mzee, anahema, kakaa chini, tawi likavunjika kwa uzito wa vipepeo, na kwenye lile rundo akamkuta mwenye stika PS 397, aliyebandikwa na mwalimu mmoja na wanafunzi wake wawili huko Chaska, Minnesota. Kabla ya hapo ulikuwa ni ubashiri, baada ya hapo ikawa ushahidi.

Magharibi tulichelewa. Huyohuyo David James aliyetajwa na bibi alianza 2012, na sehemu ya vipepeo wake walilelewa na kubandikwa stika na wafungwa wa gereza la jimbo la Washington kule Walla Walla, kwa kibali na utafiti rasmi, Nyuki Dume usije ukanisingizia. Baadhi yao wakaja kuonekana pwani ya California. Bila hao tungekuwa bado tunasema "inadhaniwa wa Washington wanakwenda California".

Sasa hivi kuna redio pia. Vuli ya 2025 walirushwa monaki wenye kisambaza mawimbi cha miligramu kama 60 kinachotumia mwanga wa jua, na simu za watu wenye bluetooth zinaweza kumdaka akipita. Teknolojia safi, siipingi, nimeifuatilia mpaka usiku wa manane. Ila ni vipepeo wachache waliochaguliwa na watu. Redio inakuonyesha huyu kapita wapi, haikuambii kijimsitu fulani kina wangapi au kwamba mwaka huu hakina kitu. Kwa hilo bado tunahitaji miguu na macho.

---

Kadinali77

Haya mmenishinda. Nipo Phoenix, Arizona. Nje ya geti hapa kuna vipepeo wa chungwa wanazunguka maua tangu wiki iliyopita na ni Desemba hii. Nimepiga picha mbili. Wa kwanza ni kahawia iliyoiva, kwenye ubawa wa mbele ana vidoti vyeupe mpaka katikati ya rangi, mishipa myeusi juu siioni. Wa pili ni chungwa kali na mishipa yote meusi. Ni dume na jike au?

---

Mlinzi wa Mikaratusi

Sio dume na jike. Wa kwanza ni malkia, Danaus gilippus, huko jangwani wapo wengi sana na ndo wanaotuchanganyia ramani. Wanaofanana nao wengine: kama chini ya mbawa kuna madoa ya fedha yanayong'aa huyo ni Dione vanillae, mtupe pembeni. Kama ubawa wa nyuma una mstari mweusi unaokatiza mishipa huyo ni Limenitis archippus.

Wa pili kwa maelezo yako ni monaki. Hao wachache wanaokaa baridi huko Arizona ni habari, sio wote wanakwenda pwani au Mexico. Dume ana kidoti cheusi kila ubawa wa nyuma juu ya mshipa, jike hana na mishipa yake ni minene. Tuma wote wawili, malkia kwa jina lake.

---

Kadinali77

Nimerudi kuikuza picha ya wa pili. Chini ya ubawa wa nyuma kuna kitu cheupe cha duara. Nilidhani ni uchafu wa lenzi.

---

bibi_asali

STIKA HIYO. Usimkimbize, usimkamate! Kaa palepale karibu na maua, atarudi, piga picha nyingi za upande akiwa amefunga mbawa ananyonya. Huko kwenu kuna Southwest Monarch Study, wao wanabandika Arizona na majimbo ya jirani, inawezekana ni wa kwao.

---

Kadinali77

Nimekaa saa nzima, jirani ananiangalia kama nimeibiwa akili. Amerudi mara mbili. Herufi zimesomeka, namba za mwisho mbili hazisomeki, kaweka mguu hapo.

---

Mlinzi wa Mikaratusi

Tuma hivyohivyo, usikisie hizo mbili. Weka picha zote, saa, ua alilokuwepo, na lokesheni yenye duara dogo. Wao wana daftari la nani alibandikwa wapi, wanaweza kupunguza wabaki wachache wanaowezekana. Na kesho ukitoka usimkute, andika hujamkuta.

---

Kadinali77

Nimetuma. Kesho saa nne nipo hapohapo, jirani aseme atakavyo.